Mikindani ianze na kivuli na mitaro, si vitofali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufufuaji wa vitovu vya miji yetu midogo. Nachukua mfano wa Mikindani, mji mkongwe wa pwani mkoani Mtwara, ingawa mengi ninayoyasema yanaifaa pia Lindi mjini na Kilwa Kivinje.

Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa na kuwa hoteli, kazi ya kupongezwa. Lakini jengo moja likipona haina maana kwamba mtaa ulio chini yake umepona. Mtaa huchangamka watu wanapopata sababu ya kukaa: kivuli, pa kuketi, chai na mihogo ya kukaanga, na njia isiyotuama maji. Kwa hiyo kabla ya mchoro wowote, wakazi wenyewe wahesabu watu asubuhi, saa saba mchana na baada ya alasiri, siku za kawaida na Ijumaa, kwa wiki mbili. Waandike nani anakaa wapi na kivuli kinaangukia upande gani. Daftari hilo lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari uende kata na halmashauri. Ruhusa nazo ziombwe mapema: barabara kuu ya Lindi iko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za mitaa ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na nyumba ya kale isiguswe bila kuishirikisha Idara ya Mambo ya Kale.

Kosa linalojirudia ni kukimbilia vitofali vya kutandaza njiani. Vinapangwa juu ya kifusi, njia inapanda kupita vizingiti vya nyumba za zamani, na mvua ya Januari inaingia ukumbini. Njia ibaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya nyumba iliyo chini kuliko zote. Mtaro utangulie, ukiwa na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na mifuniko yake iwe ya kunyanyuliwa na watu wawili. Mfuniko ukiwashinda watu uzito, mtaro hautazibuliwa kamwe.

Kuta za Mikindani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu inabanduka ikiondoka na uso wa jiwe. Vichwa vya boriti za mikoko vilivyomo ukutani navyo huoza. Tumieni chokaa iliyolowekwa wiki mbili au zaidi, sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Kila tabaka lisizidi sentimita 1, kisha lifunikwe magunia mabichi wiki nzima. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha: chokaa iliyokaushwa na jua kali hubaki unga.

Baraza la kukalia mbele ya nyumba liwe na kimo cha sentimita 45 na upana wa 50, uso ukiinama kidogo kuelekea nje ili maji yasilale. William H. Whyte, aliyechunguza viwanja vya New York miaka ya 1970, alihitimisha kwamba watu hukaa palipo na pa kukalia. Wajenzi wa pwani yetu walishalijua hilo zamani, ndiyo maana inasikitisha kuona mabaraza yakivunjwa ili kupanua maegesho.

Miti ndiyo inayoniuma zaidi. Tunaipanda Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, wakati huku kusini mvua zimekwisha. Kufikia Agosti mche umekauka. Upandwe Desemba au Januari, katika shimo la sentimita 60 kila upande, na debe moja la samadi iliyooza, ukizungushiwa mianzi kuzuia mbuzi. Kuanzia Juni hadi mvua zirudi unahitaji lita 20 mara mbili kwa wiki, kwa misimu miwili ya kwanza. Mwarobaini na mkungu hustahimili, lakini iwe mita 5 au zaidi kutoka ukutani, kwani mizizi hunyanyua misingi. Mmwagiliaji anayefaa ni muuza chai wa jirani, maana wateja wake ndio watakaokaa kivulini.

Mama lishe wasihamishwe kupisha ujenzi. Wekeni kwanza mabenchi ya mbao na turubai kwa miezi mitatu, muone yanakokaliwa, ndipo mjenge vya kudumu. Na halmashauri inapotenga fedha za ujenzi, bajeti hiyohiyo iwe na fungu la kuzibua mitaro kila Novemba, kabla mvua hazijaanza.

Mdau wa mji mkongwe,
Mikindani, Mtwara