Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Mkono wangu ndio uliowaambia wavuke

Mheshimiwa Waziri,

Heshima zako zote. Barua zangu tatu za awali zilijibiwa neno moja: "Linashughulikiwa." Hii basi wasome wote.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilisimamisha gari kwenye kivuko cha mbele ya shule. Watoto wawili walikuwa wakingoja ukingoni, nikawapungia wavuke. Mkono wangu ulikuwa bado uko nje ya dirisha gari la nyuma lilipochomoka na kunipita. Mkubwa aliruka nyuma. Mdogo alichelewa. Amelazwa, mguu umefungwa plasta hadi kiunoni. Mama yake amenishukuru kwa kusimama. Afadhali angenitukana.

Yule dereva nadhani alikuwa na simu, maana kichwa kilikuwa kimeinama. Au alidhani nashusha abiria. Leseni aliipataje? Nina dhana yangu, na wewe unayo yako. Gari la kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Ukimwandikia mtu "nakuja" tu, kivuko kimeshakwisha pamoja na waliomo. Mimi nimeitwa kituoni mara tatu kutoa maelezo. Yeye juzi nimepishana naye, yuko kwenye usukani.

Mwaka jana, Mheshimiwa, ulisimama papo hapo ukatuahidi matuta, alama na rangi mpya. Rangi tuliiona, ya jukwaa lako. Pundamilia yenyewe imefifia hadi mgeni atadhani ni chokaa iliyomwagika. Ukatusomea kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Tukapiga makofi. Kisha msafara wako ukapita kivuko hicho hicho bila kugusa breki, ving'ora juu.

Tafadhali usiniambie ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo, na uliitaja kwa kinywa chako.

Nilikusudia kuomba mengi: kamera, adhabu kali kwa anayelipita gari lililosimama kivukoni, madereva wapimwe upya. Nimeyafuta. Naomba matuta. Moja kila upande wa kivuko, kabla gari halijafika kwenye mistari. Hata bila jukwaa, hata bila wewe kuja.

Matuta tu, Mheshimiwa. Kesho asubuhi watoto wanavuka tena, na mimi sithubutu kuwapungia.

Wako mtiifu,
Dereva aliyesimama