Kwa vijana wa vikosi vyetu: mnapokaimu

Assalaamu alaykum wanangu wa vikosi vya Zanzibar: JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), Chuo cha Mafunzo (ndio magereza yetu), Zimamoto na Valantia.

Mkubwa akistaafu au akienda kozi, mmoja wenu wa cheo cha chini hukabidhiwa kiti. Miezi inapita, kazi ni ya juu, mshahara ni uleule, na manung'uniko yanaanza. Malalamiko mengi ya namna hii hufia kwenye afisi ya uhasibu kwa sababu mdai hana karatasi.

Kushikilia nafasi siku chache mkubwa akiwa safarini ni kazi tu, msitarajie posho. Kukaimu ni uteuzi wa maandishi. Kupandishwa cheo ni jengine kabisa: kunataka nafasi iliyo wazi kwenye ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa), muda wa utumishi, kozi, ripoti nzuri na idhini ya mwenye mamlaka. Mtu anaweza kukaimu vizuri mno na bado asivae cheo, kwa kuwa kozi hakuifanya. Hilo linauma, lakini si dhulma.

Basi barua. Iwe na jina la nafasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, saini ya mwenye mamlaka ya kuteua (ya mkuu wa kambi peke yake mara nyingi haitoshi) na nakala kwa mhasibu na kwenye faili lako. Kosa linalojirudia ni la tarehe: umepokea funguo Januari, barua imeandikwa Machi, na mhasibu analipa kuanzia Machi. Kwa hiyo siku ileile ya makabidhiano andika kwa afisi ya utumishi kupitia mkuu wako, ipite kwenye dispachi (daftari la kupokelea barua), nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Dai la Mei likilala hadi Julai linageuka deni la mwaka uliopita, na uhakiki wake ni mrefu.

Makabidhiano nayo msiyafanye kwa mdomo. Silaha ziandikwe kwa namba, moja moja. "Bunduki kumi" si hesabu. Redio, mafuta na funguo za bohari pia, kisha wote wawili mtie saini. Kikipotea kitu, atakayeulizwa ni aliyekaimu.

Nasikia wengine wakisema majeshi makubwa hayana tabu hii. Marekani, chini ya sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019, afisa anaweza kupewa cheo cha muda kwenye nafasi yenye upungufu, akalipwa mshahara wa cheo hicho, na akiiacha nafasi hiyo kabla ya kupandishwa rasmi anarudi alikokuwa. Ila huko huko yupo anayeruhusiwa kuvaa cheo kipya kabla ya tarehe yake, na mshahara unabaki wa zamani. Nyota ya begani hailipi popote.

Msichanganye pia kanuni. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo askari wa JWTZ aliyepangwa Pemba ana taratibu zake. Nyinyi mko chini ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), na kila kikosi kina sheria yake. Someni yenu.

Mwenye nafasi akirudi, dai barua ya kusitisha kukaimu wiki hiyohiyo. Bila ya barua hiyo posho huendelea kuingia, na ukaguzi ukifika hukatwa yote kwenye mshahara wako.