RISALA YA WAHITIMU WA KOZI YA UBUNIFU WA MICHORO KWA MGENI RASMI

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wakufunzi wetu, wazazi na walezi,
Mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa heshima na taadhima tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha hapa salama, hasa tukizingatia barabara yetu ya kuingilia, ambayo nayo ina risala yake siku nyingine. Tunajua una majukumu mengi. Kukubali mwaliko wetu, na kufika saa mbili tu baada ya muda uliopangwa, ni heshima ambayo hatutaisahau.

Ndugu Mgeni Rasmi, kituo chetu kilianza na kompyuta 2 kwenye kibaraza cha mwanachama mmoja, kikahamia chumba cha duka, kisha kikaingia katika jengo hili unaloliona. Historia ni ndefu lakini turubai ni fupi, na wazazi wa nyuma wanakaa juani.

Mafanikio ni mengi. Leo wanahitimu vijana 14. Kazi zetu sasa zimevuka mipaka ya nchi: kadi ya harusi iliyobuniwa hapa ilitumwa hadi Muscat kwa wajomba wa bibi harusi. Katika michezo, timu zote mbili zilizoingia fainali ya kata zilivaa fulana tulizozibuni sisi, kwa hiyo kombe lilikuwa letu kwa vyovyote vile. Mhitimu wetu mmoja tayari ameajiri mtu, ingawa ni mdogo wake.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tuseme lililotuleta.

Katika fani hii hakuna anayeanza kwa kukuuliza cheti. Anakuambia, "Nionyeshe kazi zako." Hapo ndipo unafungua potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako bora, na kwa dakika tano hivi maisha yako yanaamuliwa. Vijana hawa walipokuja, potifolio kwao ilikuwa picha 200 ndani ya simu: mabango ya bethidei, nembo za saluni, na katikati yake picha za shangazi. Tumewafundisha kuchuja. Zibaki kazi 8 hadi 10. Iliyo kali kuliko zote ikae mwanzo, inayoifuata kwa ukali ikae mwisho, maana hizo mbili ndizo zinazokumbukwa. Kama kazi mlifanya wawili, sema wewe ulifanya nini. Kama umechukua kiolezo cha mtu mtandaoni ukabadilisha jina, usikiweke, kwa sababu anayekuhoji naye anakijua.

Kila mhitimu wa leo amebuni kanga. Utaziona ukutani. Pindo, mji na jina, vyote vimechorwa kwanza kwa penseli, na michoro iliyokataliwa imewekwa pembeni pamoja na sababu ya kukataliwa. Binti mmoja alirudia herufi za jina mara sita. Alimvisha mwenzake karatasi kiunoni akamwambia atembee hadi getini, ili aone kama jina linasomeka mvaaji akiwa anatembea. Kazi ya namna hiyo mteja akiiona haulizi maswali mengi.

Tatizo, Ndugu Mgeni Rasmi, ni kuitoa kwenye kompyuta ikaja kwenye karatasi.

Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Uchapaji unatengeneza rangi kwa wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Bluu inayong'aa kwenye kioo, usipoirekebisha mapema, ikichapwa inaelekea zambarau. Hili halifundishiki kwa maneno. Kijana wetu alibuni pakiti ya korosho yenye bluu ya bahari, akaibeba kwenye flashi, akaichapisha steshenari asubuhi ya usaili, na akaingia nayo ndani akiwa hajapata hata muda wa kuitazama vizuri. Aliyemhoji aliigeuzageuza akamuuliza, "Hii ni pakiti ya bilinganya?" Kazi hakuipata. Na si kwamba hajui kubuni. Ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona kazi yake kwenye karatasi.

Ukurasa mmoja wa A3 wa rangi steshenari unakula nauli ya kijana ya siku mbili. Potifolio ina kurasa 20, na kila ukurasa ungehitaji kuchapwa mara mbili tatu mpaka rangi ikae sawa. Hesabu hiyo tunakuachia.

Tunaomba printa MOJA ya rangi ya ukubwa wa A3, ile ya kujaza wino kwa chupa. Tunasema A3 makusudi, ili tusije tukaletewa A4 tukaambiwa tushukuru. Ukurasa wa A4 ambao rangi yake inafika hadi ukingoni huchapwa kwenye karatasi kubwa zaidi, ukiwa na milimita 3 za ziada kila upande, kisha unakatwa. Bila hizo milimita, mkato ukiyumba kidogo tu, ndipo kadi ya harusi inapotoka na mstari mweupe ukingoni.

Tunafahamu zipo potifolio za mtandaoni. Vijana wote wamefungua kurasa Behance, tovuti ambako wabunifu huonyesha kazi zao. Lakini mwenye kiwanda cha uchapaji anataka kushika karatasi kwa vidole. Tunafahamu pia kuna mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo vijana wana asilimia 4. Mkopo hurejeshwa, nasi printa hii ni ya kujifunzia, haitauza kitu.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatusemi haya kwa kulalamika. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunamheshimu sana, aliahidi printa hii hii ndani ya miezi mitatu, na tulimpigia makofi mengi. Fundi akatutengenezea meza yake kwa vipimo. Mgeni rasmi wa mwaka jana aliiona meza, akasikitika, akaahidi mbili. Meza bado ni imara. Ndiyo hiyo iliyo mbele yako, yenye kitambaa cheupe, tulipokuwekea maji ya kunywa.

Juu yake kuna daftari la ahadi. Lina safu ya jina, safu ya ahadi, na mwaka huu tumeongeza safu ya tarehe ya kukabidhi. Tunakuomba, kabla ya kugawa vyeti, uandike kwa mkono wako mwenyewe. Kalamu iko ndani ya daftari.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wahitimu