Barua ya Wazi kwa Meya wa Tokamachi: Kamba Ifungwe Wapi?

Mstahiki Meya wa mji wa Tokamachi, mkoa wa Niigata, Japani,

Salaam. Nakala ya Kijapani ya barua hii nimeiacha mapokezi ya ofisi yako. Hii ya Kiswahili nimeiandika kwa sababu jambo linaloniuma nalisema vizuri zaidi kwa lugha niliyolelewa nayo, na ningependa ndugu zangu waliotapakaa kwenye nchi za baridi nao walisome.

Januari iliyopita, kwenye saa moja asubuhi, nilimwona jirani yangu juu ya paa. Ni bibi wa miaka 83, aliyefuma vitambaa vya kimono tangu usichana wake mpaka macho yalipochoka. Alivaa buti za mpira, mkononi ana beleshi la mbao, theluji imemfika mapajani. Alikuwa akiikata vipande vya mraba kama mwenye duka anayekata sabuni ya mche, kisha anakisukuma kila kipande mpaka ukingoni. Kishindo, kimya, kishindo tena. Nikapanda ngazi kwenda kumsaidia. Nilipofika juu nikamuuliza iko wapi kamba yake ya kumzuia asianguke. Akanyoosha mkono kunionyesha paa lote, chini ya theluji ni bati tu, bila kishikizo hata kimoja kutoka ukingoni hadi kileleni, akasema, "Nitaifunga wapi?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo nimelala nalo tangu siku ile, na leo nakuletea wewe.

Wasioijua Tokamachi huenda wakashangaa nikiwaambia kwamba iko kaskazini mwa ikweta kwa umbali unaokaribiana na wa Tunis. Lakini upepo mkavu wa Siberia ukivuka Bahari ya Japani hunyonya unyevu njia nzima, ukigonga milima yetu unaumwaga wote hapa. Februari 1945 kina cha theluji mjini hapa kilizidi mita 4. Ndiyo maana wenyeji hawasemi "kushusha" theluji ya paani kama wasemavyo Wajapani wa kwingine. Wao husema yukihori, yaani kuichimba, kwani ikizidi huwa hakuna tena mahali pa kuishushia: ya chini imeshapanda ikalingana na paa.

Na ni nzito. Theluji iliyokaa ikashindiliwa, mita moja ya ujazo huweza kufika kilo 300. Paa la mita za mraba 100 likibeba kina cha mita moja, hizo ni tani 30 juu ya vichwa vya watu waliolala. Mji huu unaujua uzito huo kwa msiba: siku ya Mwaka Mpya wa 1938 paa la jumba la sinema lilielemewa na theluji likaporomoka, watu 69 wakafa. Kwa hiyo bibi yule hapandi kwa ukaidi. Anapanda kwa sababu asipopanda, nyumba inaweza kumlalia.

Katika majira ya baridi ya 2005 hadi 2006, theluji iliua watu 152 Japani nzima. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikutwa na mauti katika kazi hii hii ya kuiondoa. Vijana wamehamia Tokyo, theluji haikuhama nao.

Mstahiki Meya, kwa barabara nakushukuru kwa dhati. Tingatinga hupita saa tisa usiku, tukiamka njia iko wazi, na yale mabomba yanayorusha maji ya ardhini katikati ya lami huyeyusha kilichobaki. Lakini barabara ni ya wote, paa ni la mtu mmoja, na mtu huyo siku hizi ni mzee anayeishi peke yake.

Naomba kazi hii ifanywe Agosti, wakati paa linaonekana. Watumishi wa mji wapite nyumba za wazee, hasa vijiji vya milimani huko Matsudai na Matsunoyama, wakiongozana na fundi wa mapaa, naye afunge vishikizo vya chuma vya kuzuilia kamba. Msaada wa fedha uwafuate mlangoni. Bibi yangu huyu hatakuja kupanga foleni kuomba. Anaona haya kusumbua watu, na haya hiyo, naamini, imeshaua wengi.

Na sisi wageni mtuite. Mji huu unajua kukusanya watu. Tangu 1950 wakazi huchonga sanamu kwa ajili ya tamasha la theluji la Februari, na tangu 2000 tamasha la sanaa la Echigo-Tsumari limewaleta watu kutoka mbali hadi kwenye mashamba yetu ya mpunga ya ngazi. Basi Novemba, kabla ya theluji kubwa, tukusanyeni na sisi mtufundishe: kamba inafungwaje, mtu asimame wapi, kwa nini asipande peke yake, na kwa nini siku ya jua baada ya baridi kali ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimekula mboga za mlimani za bibi huyu miaka minne, hubandika sufuria kabla sijavua viatu. Siwezi kukaa dirishani nikamtazama akiwa juu kule.

Asubuhi ile tulirusha kamba ikavuka paa, nikashuka nikaizungushia mti ulio nyuma ya nyumba, nikapanda tena tukamaliza saa sita mchana. Mti ule ulivunjika Februari kwa uzito wa theluji. Bibi ameshaukata kuni. Baridi ijayo hatutakuwa na pa kuifunga kamba, na yeye atakuwa na miaka 84.

Wako,
Mkazi wa Tokamachi