Wanangu wanataka nishuke Dar kipupwe hiki. Mifugo nimwachie nani?

Ndugu mhariri na wasomaji wenzangu, salaam kutoka Makete.

Mimi ni mama wa miaka 64, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane. Naishi peke yangu kwenye shamba dogo upande wa juu wa wilaya, si mbali na Kitulo. Nikisema peke yangu maana yake hakuna binadamu mwingine ndani ya uzio. Wengine wapo: ng'ombe wa maziwa mwenye mimba, mbwa wawili, paka, kuku, na simbilisi, vile vinyama vidogo vya kufugwa vinavyofanana na panya asiye na mkia, wanaoishi jikoni chini ya uchaga wa kuni. Naomba ushauri kwa sababu mimi na wanangu tumefika mahali ambapo kila simu inaishia mmoja kanuna, na Juni inabisha hodi.

Kwa wasomaji wa Pwani wanaodhani nchi hii yote ni joto, nieleze kidogo. Huku juu tumepita mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku usipokuwa na mawingu wala upepo, asubuhi unakuta majani yamepauka kwa barafu na maji uliyoyasahau kwenye beseni yameota utando mgumu. Viazi vilivyochelewa shambani ndivyo vinavyoumia: jua likishapanda, majani yake yananyauka na kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Matufaa ndiyo yanafurahi, maana miti yake bila baridi haichanui vizuri. Wageni wanakuja Kitulo msimu wa mvua kuangalia maua, wanapiga picha, wanapaita Bustani ya Mungu, wanaondoka. Kipupwe wanatuachia wenyewe.

Naamka kabla hakujakucha. Sweta mbili, koti la marehemu mume wangu, kitenge juu ya vyote, naenda jikoni uani. Moto wa kuni za miwati ukishika tu, simbilisi wanaanza kelele kudai majani. Ndiyo maana wengi huku tunawafuga jikoni, moto wa mpishi nao unawafaa. Ni kitoweo, hilo halina siri, ila hawa wangu wamezidi kuongezeka kwa kuwa kila nikitaka kuchinja nashindwa kuchagua wa kuanza naye. Paka naye anatoka majivuni alikolala, anajinyoosha, anakwenda kukagua stoo ya mahindi. Anakagua kila asubuhi bila kukosa, ndiyo maana nikamwita Bwana Afya.

Kisha bandani. Ng'ombe wa kisasa anaiweza baridi kuliko mimi, mradi alale pakavu. Nachukua maranda kwa wapasua mbao namtandikia, na yakilowa nayaondoa siku hiyohiyo, kwa sababu tope na mkojo ndivyo vinavyoleta ugonjwa wa kiwele, si ubaridi. Maji ya asubuhi akipewa yalivyo anayaonja tu na kugeuka, kwa hiyo nachemsha sufuria moja, nachanganya kwenye ndoo yake, hapo anakunywa mpaka chini. Majani tembo yakipigwa na barafu hayana kitu tena, basi mvua zikiisha mwezi Mei nakata majani, nakausha, nafunga marobota na kuyapanga darini. Atakula hayo na mabua mpaka mvua zirudi. Kwa sasa nimeshaanza kumpunguza kukamuliwa ili apumzike kabla ya kuzaa. Kwa hesabu ya kadi ya mhamilishaji aliyempandisha kwa mbegu za chupa, atazaa mwishoni mwa Julai, katikati ya baridi yenyewe.

Mbwa ni wawili. Popi ni jike mzee, viungo vimekaza, asubuhi anatembea kwa kuchechemea mpaka jua limpate mgongoni. Mwingine ni dume kubwa linaloitwa Watasema. Nilimpa jina hilo mwaka niliofiwa, na mliokulia vijijini hamhitaji maelezo. Wote wawili nawapeleka kwa afisa mifugo kila mwaka kuchanjwa kichaa cha mbwa, kadi zao ninazo.

Saa kumi jioni ukungu unashuka, na giza likiingia nimeshafunga mlango. Nachoma viazi kwenye majivu, nasikiliza redio, nasoma kundi la familia kwenye simu, nalala na chupa ya maji ya moto miguuni. Jiko la mkaa haliingii chumbani kwangu. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, imeua watu waliolala salama salimini. Nalitaja hili kwa sababu mwanangu mkubwa kila akisikia habari ya namna hiyo redioni ananipigia. Nimemweleza mpaka nimechoka.

Sasa tuje kwenye kilichotufikisha hapa.

Kipupwe cha mwaka jana niliugua kifua. Kilianza kama mafua, usiku mmoja homa ikapanda na asubuhi sikuweza kuinuka. Huku kwetu kila mtu anautazama moshi wa mwenzake. Jirani yangu alipoona jua limepanda na jiko langu halijatoa moshi, akaja. Watasema akamzuia getini. Si kubweka tu, alimwonyesha meno na kila mama yule akishika komeo anaruka. Ikabidi arudi kumwita mwanawe, waje na fimbo na mfupa wa nyama, na hata hivyo hawakuingia mpaka nilipojikokota hadi dirishani nikamfokea mbwa. Hospitali walisema ni nimonia. Nililazwa, nikapona.

Tangu siku hiyo mkubwa wangu ana sentensi moja: "Mama, mbwa anayekulinda ndiye atakayekuua." Na hapo, wasomaji, sina jibu la haraka. Mbwa huyo ndiye aliyefanya nisipoteze hata kuku mmoja wakati wenzangu mtaa wa chini wanavunjiwa mabanda. Lakini yaliyotokea getini yalitokea.

Mkubwa ana duka la vyombo Kariakoo, kama nusu ya vijana wa Kikinga, kabila la huku Makete. Amepanga vyumba vitatu Tabata, ana mke mwema na watoto wawili. Anataka nishuke mwanzoni mwa Juni, nikae mpaka Agosti iishe, na iwe hivyo kila mwaka. Msidhani siipendi Dar. Miezi hiyo hata huko joto limepungua, upepo wa bahari ni mzuri, na wajukuu wangu wameanza kuongea Kiswahili cha kihuni ambacho bibi mwalimu angekinyoosha. Mkwe wangu ameshanitengea chumba. Mtu akikukaribisha hivyo ukakataa unaonekana huna shukrani.

Tatizo ni mpango wake kuhusu hawa wengine. Ng'ombe auzwe. Kuku wauzwe. Simbilisi waliwe. Popi apewe yeyote anayemtaka, na Watasema, kwa maneno yake, "amalizwe tu". Alisema hivyo kwenye simu ya wazi, wajukuu wakisikia. Nilikata simu, na kwa muda hatukuzungumza.

Ng'ombe mwenye mimba kubwa ukimuuza kwa haraka, mnunuzi anajua una haraka. Bei atakayokupa unaijua kabla hajafungua mdomo. Zaidi ya hapo, maziwa yake ndiyo yanayonipa fedha ya mkononi kila wiki, kwa sababu pensheni inafika na majina ya watu wengine tayari. Nikirudi Septemba bila ng'ombe nitaanza upya na nini?

Nimejaribu kutafuta njia ya kati, nazo nawaelezeni mniambie wapi nimekosea hesabu.

Kuna kuajiri kijana akae hapa. Vijana wenye nguvu wote wako kwenye mbao, wanabeba na kupasua, wanalipwa kwa siku. Mimi nalipa kwa mwezi. Niliyempata mwisho aliondoka bila kuaga, nikamkuta ng'ombe analia njaa mchana. Watu wananishauri nichukue katoto ka miaka kumi na mbili, eti kanatosha kwa kazi ndogo ndogo. Nimefundisha darasani maisha yangu yote, sitamtoa mtoto shuleni akanichungie ng'ombe.

Kuna shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Aliposikia habari za Dar alikuja siku ileile, akasema yeye na familia yake watahamia hapa miezi hiyo mitatu, "nyumba isikae bila mtu wa ukoo". Ni maneno mazuri. Ila ni mtu yuleyule ambaye msiba haujaisha aliuliza mpaka wa shamba unaishia wapi. Hati ya hakimiliki ya kimila ninayo, ina jina langu na la mume wangu, na najua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume. Karatasi siiogopi. Naogopa mazoea. Mtu akishazoea kukaa kwenye kiti chako, kumwinua inahitaji kikao, na kikao cha ukoo wanakaa wenyewe kwa wenyewe. Na Watasema hamtaki kabisa bwana huyo, wala sina hamu ya kumkemea kwa hilo.

Kuna jirani, huyo aliyeuona moshi haupo. Yuko tayari kumchukua ng'ombe nyumbani kwake, amzalishe, maziwa yawe yake mpaka nirudi. Namwamini. Lakini banda lake liko kwenye mgongo wa kilima, upepo unapiga pande zote, na ndama akizaliwa usiku wa barafu lazima pawe na mtu macho: amkaushe kwa magunia, ahakikishe amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, saa za mwanzo, asipate homa ya mapafu. Jirani ana watoto wadogo na shamba lake mwenyewe. Mbwa ndiyo kabisa, hata kumtupia ugali juu ya uzio anaogopa.

Binti yangu wa pili ni muuguzi Mbeya, ana uwanja wenye ukuta. Amesema Popi na Bwana Afya anawapokea. Afisa mifugo ameniambia nitahitaji kibali cha kusafirisha na kadi za chanjo, hilo si gumu. Ila kondakta gani atakubali mbwa kwenye basi? Na paka aliyezoea jiko la kuni atakaa kwenye nyumba ya vigae, au usiku wa kwanza ataruka ukuta arudi kwa miguu?

Mimi nilipendekeza hivi: nibaki mpaka ng'ombe azae na ndama ashike nguvu, niende Dar Oktoba. Fedha ya nauli na matumizi yangu waliyoipanga kwa miezi mitatu waitumie kumlipa kijana mzima, mwenye familia yake, mshahara unaolingana na wa kwenye mbao, alale chumba cha uani mpaka Agosti. Jirani apewe ufunguo. Kila asubuhi nipige simu moja Kariakoo, nisipopiga ajue kuna jambo. Binti ameafiki. Mkubwa amesema nachagua mbwa kuliko yeye. Sijui aliyasema kwa hasira au ndivyo anavyoamini, na sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Basi naomba wenye uzoefu mnisaidie. Waliofuga mbwa mkali anayemjua mtu mmoja: mlimzoeshaje kwa mtu wa pili, na ilichukua muda gani? Watasema ana umri wa miaka minne, simwoni kama wa kushindikana. Je, nimfungie bandani usiku ili geti libaki wazi kwa jirani, au nikifanya hivyo nimewafungulia wezi? Waliowahi kumwachia jirani ng'ombe wa kuzaa: mliandikishana nini, ndama alikuwa wa nani, na ng'ombe akifa gharama ilikwenda kwa nani? Hapa kijijini tunapeana mikono tu, na mikono hiyo nimeona ikigombana mbele ya mwenyekiti.

Na ninyi mlio mjini, wenye mama zenu huku juu kwenye baridi. Mama akikwambia haji, ni maneno gani angeyatumia usione amekukataa? Nimeyatafuta sijayapata. Nikianza na ng'ombe, mwanangu anasikia ng'ombe. Nikianza na shemeji, anasema atakuja kupigana naye, jambo ambalo silitaki.

Tiketi amesema ataituma mwishoni mwa Mei, kwa hiyo mwenye neno asichelewe. Hata wa kuniambia nishuke tu nitamsoma, ila anieleze na Watasema aende wapi.

Mama Mwenye Mifugo,
Makete, Njombe