Atakaye Sicily aende Aprili, si Desemba

Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari uliwashauri wasomaji wanaotaka kuzuru kisiwa cha Sicily nchini Italia wangoje likizo ndefu ya Desemba, kwa kuwa watoto huwa nyumbani na shughuli za kazi huwa zimepungua. Hapa Pwani, ambako si ajabu kuikuta familia ya Malindi au Watamu yenye wakwe Italia, ushauri huo huenda ukafuatwa na wengi, nami naomba nafasi ya kuupinga.

Wakati kaskazi inapotuletea jua hapa Mombasa, Bahari ya Mediterania huwa katika msimu wake wa mvua. Mjini Palermo mwezi huo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, hoteli nyingi za ufukweni huwa zimefunga, na boti ziendazo kasi kutoka Milazzo hadi visiwa vidogo vya Aeolian hupunguziwa safari au hukwama bandarini bahari inapochafuka. Agosti nako si kwema. Waitalia wenyewe huwa likizoni, hasa karibu na sikukuu yao ya tarehe 15, na anayedhani kwamba mtu wa Mombasa hatishwi na joto akumbuke kwamba tarehe 11 Agosti 2021, karibu na mji wa Siracusa, kipimo kilifika nyuzi 48.8.

Likizo inayofaa ni ile fupi ya Aprili, ambayo wengi huidharau. Mchana huwa na ubaridi mwepesi unaohitaji sweta tu, maua yamechanua mashambani, na kileleni mwa mlima Etna theluji huwa bado ipo. Kwa miaka hii pia Ramadhani huwa imekwisha. Pasaka ikiangukia mwezi huo, vyumba viwekwe mapema, hasa mjini Trapani, ambako maandamano ya Ijumaa Kuu hukesha hadi Jumamosi. Kuogelea, hata hivyo, msahau: maji ya Aprili yatamtoa mbio yeyote aliyezoea Nyali. Anayetaka bahari, na hana watoto wa shule, aende Septemba.

Makala yenu iliwaambia watu wakate tiketi kwanza. Nadhani huo ni ushauri wa hatari zaidi kuliko ule wa Desemba, kwa sababu nauli hairudi kwa urahisi viza ikikataliwa. Ombi la viza ya Schengen, ile inayotumika Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida halipokelewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya matibabu lazima iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Uamuzi huchukua siku 15, lakini unaweza kufika hata siku 45. Kwa safari ya Aprili, basi, karatasi ziwe tayari Januari, na anayeombea Mombasa ahesabu pia gharama ya kwenda Nairobi iwapo ataitwa kutoa alama za vidole.

Ndege ya moja kwa moja kutoka hapa hadi Sicily hakuna, hivyo wengi watapitia Roma. Kutoka Roma mtu anaweza kuruka hadi Catania au Palermo, ila mimi ningempeleka kwa treni: ikifika Villa San Giovanni, bandari ya upande wa bara, hukatwa vipandevipande, mabehewa husukumwa ndani ya feri pamoja na abiria wake, kisha huvushwa hadi Messina. Sisi wa Likoni, tuliozoea kuona magari na mikokoteni tu, tutakuwa na la kutazama.

Wakati wa kurudi, asiweke ndege ya Catania na ile ya kuja Kenya siku moja. Etna ikitema majivu, uwanja wa Catania huweza kufungwa kwa saa kadhaa, na aliyenunua tiketi mbili mbalimbali asitarajie kwamba ndege ya pili itamngoja.

Msomaji wenu,
Kizingo, Mombasa