"Huyu Mbona Haongei?" Sikukuu na Mtoto Anayechelewa Kuongea

Kila baada ya Idi au Krismasi simu za kituo chetu cha tiba ya usemi hapa Tabata huongezeka, na wazazi wengi hutupa maelezo yaleyale. Ndugu walikusanyika, mtoto akasukumwa mbele ya wageni, "Msalimie shangazi! Sema shikamoo!", akajificha nyuma ya gauni la mama yake, na shangazi akauliza watu wote wakisikia: huyu mbona haongei? Mama karudi nyumbani kanuna, kesho yake anatafuta mtaalamu wa usemi.

Mnafanya vizuri kupiga simu. Ila tungependa mpige kabla ya sikukuu, maana siku zile zina mafunzo ya kuongea ambayo sisi, na chumba chetu chenye midoli, hatuwezi kuyatengeneza.

Chukua hodi. Mtoto mdogo hushika lugha kwa kusikia jambo lilelile, kwa mpangilio uleule, mara nyingi, na sisi tunayo mazungumzo ya namna hiyo tele: hodi huitikiwa karibu, shikamoo marahaba, paukwa pakawa. Siku ya Idi mnapita nyumba nyingi, na kila mlango una hodi yake. Mlango wa kwanza piga hodi wewe, yeye asikie. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu gonga, mwangalie usoni, halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo moja mpaka tano. Kwa mtu mzima ni muda mrefu (kwa shangazi ndiyo usiseme), lakini mtoto anauhitaji kulitafuta neno. Akisema "odi", hiyo ni hodi. Akigonga tu huku anakutazama, naye kashaingia kwenye mazungumzo, msemee wewe "hodi!" mwingie ndani. Usimwambie "sema vizuri". Akishaona kuongea ni mtihani, siku nzima atafunga mdomo.

Shikamoo ni vivyo hivyo. Mwamkie wewe mwenye nyumba, subiri kidogo, kisha mambo yaendelee. Asipoamkia hajakosa adabu, na mzazi unaweza kuwaambia wakubwa hivyo kwa upole.

Lakini utajiri wenyewe uko jikoni. Najua, siku ya pilau mtoto hufukuzwa kwa sababu ya moto, na ni sawa. Basi mkalishe mbali na jiko, mpe kinu kidogo na karafuu chache. Sema "twanga, twanga, twanga", kisha inua mchi juu uusimamishe hapohapo. Subiri. Wengi hupiga kelele, wengine husema "tena", wengine "twa!" Chochote atakachotoa, shusha mchi. Mara ya nne au ya tano utaona anakuwahi. Wazazi wengi huwafundisha watoto majina ya vitu tu, hii nini, hii nini, mpaka mtoto anachoka, wakati neno la kitendo ndilo litakalomsaidia kuunga sentensi: mimina, koroga, nusa, onja. Mpe iliki anuse, useme "nusa", na wewe unuse.

Akisema neno moja, mrudishie mawili. "Moto." "Ndiyo, chai ya moto." Akisema "taka mati", mjibu "Unataka kaimati? Haya, chukua." Watoto wetu wengi huanza kwa kuacha viambishi vya mwanzo, "taka" badala ya "nataka", na hilo halina shida. Na kabla ya kumpa, mpe nafasi ya kuchagua: kaimati au tambi? Au mkabidhi kopo la biskuti lenye mfuniko uliokazwa, akuombe "fungua". Akianza kulia, fungua. Njaa si somo.

Mnaopanda basi Mbezi kwenda Moshi mwezi wa Desemba, mwacheni bibi azungumze Kichaga na mjukuu wake. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote. Simu yenye katuni njia nzima ndiyo ya kupunguza, kwa sababu haimsubiri wala haimjibu.

Sasa, kuna ukimya ambao hodi na pilau havitoshi. Mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja wala kuonyesha vitu kwa kidole, wa mwaka mmoja na nusu asiye na maneno hata machache, wa miaka miwili asiyeunganisha mawili kama "baba njoo", tungependa kumwona. Anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, wa umri wowote, aletwe mapema, asisubiri sikukuu ipite. Na usikimbilie kukatisha kile kiuzi cha chini ya ulimi kwa sababu jirani kasema. Kinaweza kusumbua kunyonya au baadhi ya matamshi, lakini kwa kawaida hakimzuii mtoto kujifunza lugha. Kipimo cha kutanguliza ni masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kugeuka ukifunga mlango kwa kishindo na bado asisikie sauti za maneno. Likionekana tatizo msikate tamaa: Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, na kwa watoto wengine kifaa cha kuvaa sikioni kinatosha.

Kwetu, siku ya kwanza ni ya mazungumzo na mzazi na kumwangalia mtoto akicheza. Hatumkalishi mezani kumuuliza maswali. Tunataka aje na mtu anayeshinda naye, hata kama ni dada wa kazi, kwa sababu huyo ndiye atakayeyafanya mazoezi nyumbani. Njoo na majibu ya kipimo cha masikio kama unayo, na video fupi ya mtoto akicheza na wenzake sikukuu, ambapo hakuna aliyemwambia aseme kitu. Dakika mbili zinatosha. Nafasi za Januari hujaa haraka, kwa hiyo wenye watoto wa chini ya miaka mitatu wekeni miadi kabla ya kusafiri.